Mlango Mmoja, Vyumba Vingi

Ukitaka kumuudhi Mwalimu, ungemwambia tu kwamba programu yako inafanya kazi kila mahali. Angeshusha kikombe chake cha kahawa polepole, na sisi tuliomzoea tungeanza kutazama sakafu.

"Kila mahali ni wapi?" angeuliza. "Umeisha fika Kabambare?"

"Bado, Mwalimu."

"Salamabila?"

"Bado."

"Basi inatumika hapa ku meza yako. Sema hivyo. Sema, Mwalimu, inatumika ku meza yangu. Haina haya."

Haya ilikuwepo, tena kubwa, maana baada ya hapo ungejikuta nyuma ya pikipiki umekumbatia mkoba, unapelekwa huko huko ulikokuita kila mahali. Mimi nimepelekwa. Barabara ya Kabambare haimuulizi mtu diploma yake. Nilirudi na tope hadi masikioni, nimeuma ulimi kwenye shimo moja kubwa, na tangu siku hiyo maneno yale sijayatamka tena.

Alizaliwa wapi na akazaliwa na nani, sitasema. Watu wa mji wetu, Kasongo, watamtambua, na wasio wa Kasongo haitawasaidia kitu. Alikuwa mama wa mjini, Mwislamu, kitambaa cha kichwa amekikaza kama mtu anayekwenda kugombana. Alitufundisha hesabu shuleni, kisha tulipokuwa watu wazima wenye watoto wetu akatukusanya tena chini ya bati moja lenye sola juu yake, akatuambia tutatengeneza maktaba.

Niieleze hiyo maktaba mapema, kwa sababu hata mume wangu alidhani kwa muda mrefu kwamba ninauza vitabu. Ni fungu la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, lililoandikwa mara moja ili programu nyingine ziliegemee, zisianze kila kitu upya. Ya kwetu ilikuwa na kazi moja. Muuguzi kijijini anaandika dawa zilizobaki. Maktaba inahifadhi, inahesabu, inatuma habari Kasongo kwenye ghala, na dawa zinapelekwa kabla hazijakatika. Basi. Ugumu wake ulikuwa kwamba vituo vya afya havina mashine za aina moja. Hiki kina kompyuta ya mezani iliyochoka, kile kina simu ya kioo ya bei rahisi iliyoletwa na wachuuzi wa dhahabu, kingine kina kompyuta ya mapajani ambayo mgeni fulani aliiacha. Kila moja ina namna yake ya kujua saa, namna yake ya kutunza, namna yake ya kutuma. Na kituo ambacho mashine yake haielewani na maktaba kilikuwa nje. Kuwa nje maana yake dawa zikiisha mtu apande pikipiki aje kulia Kasongo, kama petroli ipo, kama mvua haijala daraja.

Kwa Mwalimu shauri zima lilikuwa hilo: hakuna kituo kitakachobaki nje. Mengine yote alikuwa tayari kuyajadili, ingawa nikikumbuka vizuri hata hayo mengine hakuyajadili sana.

Aliipanga maktaba kama nyumba. Mbele mlango mmoja, katikati sebule, nyuma vyumba. Sebuleni ndipo hesabu zinapofanyika, na sebule ilikatazwa kabisa kujua inakaa juu ya mashine gani. Ikitaka saa, inauliza mlangoni: saa ngapi? Mlango unapeleka swali kwenye chumba cha mashine ile, na chumba kinajibu kwa namna yake. Kila mashine na chumba chake, na vituko vya kila mashine vinaishia humo humo.

"Fujo ya chumba haipite sebuleni," alikuwa akisema. "Wageni wako pale."

Sheria yake ya pili ilituumiza zaidi. Aliyeandika chumba lazima alale ndani yake. Maana yake, ukipewa kuandika chumba cha simu ya aina fulani, unaweka yako kabatini na simu ile inakuwa yako, kwa kila kitu, hadi uache kuilaani. Mimi niliangukia simu za Salamabila. Kioo kilikuwa kimepasuka kwa pembeni, ikijaa moto ukiigusa kwa muda, na ikifika chaji nusu inazima programu yoyote usiyoitazama kwa macho. Mama mkwe wangu alikuwa akipiga, sauti inakatika, anaamini nimemkatia makusudi. Alikuja mpaka nyumbani na dada zake wawili kuulizia nimekasirishwa na nini.

"Ni kazi, mama," nikamwambia. "Mwalimu ndiye amenipa hii simu."

"Mwalimu gani anafundisha watu kukatia mama zao simu?"

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamlalamikia. Nilidhani atacheka, au atanihurumia. Akauliza: "Sasa unajua inazima nini na inaacha nini?" Nikamjibu kwamba ninajua, ninajua hata ikiwa usingizini. "Muuguzi wa Salamabila anaishi na hiyo simu miaka yote. Weye umeishi nayo msimu mumoja. Enda uandike." Nikaenda nikaandika, huku ninamtukana moyoni, na chumba kile hadi leo hakijatusumbua. Mama mkwe ndiye bado.

Kabla toleo jipya la maktaba halijatoka kulikuwa na kikao. Aliziita mashine, moja ya kila aina, sio sisi. Zilipangwa kwenye mikeka barazani kwake, na kila moja ikaulizwa maswali yale yale: andika hiki, kumbuka kile, tuma hiki, umezimwa ghafla katikati, je, unakumbuka ulipofikia? Ile dhaifu kuliko zote ndiyo iliyoanza, na hapakuwa na chai kwa mtu yeyote hadi ile dhaifu imalize. Tulikaa tumeitumbulia macho kompyuta ya mezani kama ndugu wanaongoja mgonjwa, harufu ya mandazi inatoka jikoni kwake, na yeye anakataa katakata. Ikishindwa, toleo halitoki. Na mandazi hayatoki. Niliwahi kumwona fundi mmoja mkubwa, baba wa watu, akiipigapiga mgongo ile kompyuta akiibembeleza kwa Kizimba, lugha ya mama yake.

Sasa msije mkadhani alikuwa mtu mpole kwa sababu alizihurumia mashine. Aka! Mashine ikiamka na mwaka usio wake, alisema, maskini, betri yake ya ndani imekufa, tuisaidie. Mtu akichelewa kidogo tu, mlango umefungwa, na hakutaka kusikia habari za mvua. Muuguzi akibonyeza pasipostahili, alimtetea mbele yetu kwamba kosa ni letu. Akikutana naye uso kwa uso alimgombeza hadi watu wapite upande wa pili wa njia. Na huyu aliyeishi kwa ajili ya simu za watu hakuwa na simu. Ukimtaka, ungempigia jirani yake muuza sabuni, naye angeita juu ya ukuta, na Mwalimu angejibu juu ya ukuta, na muuza sabuni angetafsiri anavyopenda. Mambo mengi tulikubaliana hivyo ambayo Mwalimu hakuyasema.

Alisema Kifaransa na wakubwa wa serikali, Kiswahili cha vitabuni na mashehe, na cha nyumbani na sisi. Kibangubangu alijifunza ukubwani, kwa shida, makusudi apate kuelewana vizuri na muuguzi mmoja wa Kabambare. Alikisema vibaya. Walimcheka machoni, naye akaendelea tu.

Huyo muuguzi wa Kabambare nimjulishe sasa, kwa kuwa ni yeye aliyetufanya tukaribie kugawanyika. Sote tulimwita Muganga. Kituo chake kilikuwa na kompyuta ya mezani ya aina ile ile dhaifu kuliko zote. Kibetri chake cha saa kilikuwa kimekufa, hivyo kila asubuhi iliamka ikiamini ni mwaka ule ambao simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Tena haikuwa na njia ya kutuma chochote mpaka uichomeke modem, kijiti kidogo cha mtandao, ungoje, uchomoe, uchomeke tena. Chumba chake ndani ya maktaba kilikuwa kirefu kuliko vyote, na aliyekiandika alikuwa Mwalimu mwenyewe.

Kulikuwa na mwenzetu tuliyemwita Injinia, amesoma Kisangani, hodari, mwepesi wa mkono, na mcheshi. Siku moja habari za Kabambare zilikuwa zinaingia zikiwa na tarehe ya kale, ghala linazitupa kama takataka, na Mwalimu alikuwa safarini. Injinia akatafuta dawa ya haraka. Akaingia sebuleni, pale palipokatazwa, akaandika mstari mmoja: mwaka ukiwa wa kale, hii ni kompyuta ya Kabambare, basi fanya ya Kabambare, ungoje modem. Kabambare ikapona siku hiyo hiyo. Sote tulimpongeza, na mimi nilipiga makofi.

Tulichosahau ni Salamabila. Kule watu wananunua chaji kwenye jenereta, simu inakufa kabisa, na ikiwashwa upya kabla haijashika mtandao nayo inaamka na tarehe ya kale. Maktaba ikaitazama, ikasema, ah, wewe ni Kabambare, ikaanza kungoja modem ambayo simu haina na haitakuwa nayo. Muuguzi wa kule aliandika kila siku, kioo kikamwambia imehifadhiwa, naye akalala kwa amani. Kasongo haikufika hata herufi. Dawa ya sindano ya malaria ikakatika. Mtoto mmoja mdogo, amepoteza fahamu, akapakiwa kwenye pikipiki kati ya baba yake na dereva hadi Kabambare. Walifika. Alipona. Lakini sisi tulizipata habari hizo kwa mdomo wa dereva, na Injinia alikwenda akakaa nyuma ya nyumba peke yake muda mrefu.

Mwalimu aliporudi tulingoja tufani. Hakupaza sauti. Alimwita Injinia, akamkalisha, akamwagia kahawa kwa mkono wake, jambo ambalo mimi hakuwahi kunifanyia.

"Uliiuliza mashini nini?"

"Mwaka wake, Mwalimu."

"Na kwa mwaka wake ukaisha jua ni nani."

"Ndiyo."

"Mutoto yangu, hapa kwetu watu waliulizana hivyo. Weye wa wapi? Baba yako nani? Unasema luga gani? Wakaisha kujibu, wengine wakaamua juu yao. Tunajua vile iliishia, sote tulikuwa hapa." Akamsogezea kikombe. "Mashini usiiulize kabila yake. Iulize inaweza kufanya nini. Uko na modem? Iko, tuma. Haiko, tafuta njia ingine. Basi."

Injinia alilia, na simcheki kwa hilo. Nami nililia, ingawa mstari haukuwa wangu. Kisha tukaufuta, tukaandika upya mlango mzima kwa namna ile. Kila swali likawa la uwezo: unaweza kutunza? unaweza kutuma? saa yako ni ya kuaminika? Na chumba kijibu kwa ukweli.

Kiroja ni kwamba Mwalimu huyo huyo, ukimletea mgeni, hajakaa vizuri, anamuuliza: wewe wa kwa nani? mtaa gani? bibi yako si yule aliyeolewa Nyangwe? Tulimkumbusha mafundisho yake. Akasema mtu si mashini, mtu anapenda kuulizwa.

Baada ya mambo ya Salamabila, shirika lililotupa sola lilituma ujumbe. Walisema kwa heshima kwamba matatizo yote yanatoka kwenye kompyuta ya Kabambare na zile chache za aina yake, kwamba chumba chake kinakula muda wa watu, kwamba toleo lijalo liziache, na vituo hivyo vitapata mashine mpya mwaka unaofuata. Na niseme kweli: Injinia aliwaunga mkono, na nusu yetu tukamfuata. Hakukosea kwa hesabu. Kazi ya chumba kile peke yake ilikuwa inalingana na ya vyumba vingine vyote. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumechoka.

"Haya basi," akasema Mwalimu. "Twende tumwambie mwenyewe. Musimwambie kwa karatasi."

Akaenda nami kwa pikipiki. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua. Kila kilima alishuka, akapanda kwa miguu akimtukana dereva, akapandishwa tena. Tuliingia Kabambare tumekuwa rangi moja na barabara. Muganga alitukaribisha kwa maji na wali na sombe ya majani ya muhogo, akatuonyesha kompyuta yake. Mke wake alikuwa ameishonea kitambaa cha kuizuia vumbi, chenye maua, na tundu la pembeni kwa ajili ya kile kijiti cha modem. Nilipokiona kile kishimo kidogo kilichoshonwa kwa uangalifu, nilianza kutamani nisingekuja.

Mwalimu alimuuliza kwa kile Kibangubangu chake kibovu, kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Mashini yako ikitoka katika maktaba, utafanya nini?"

Muganga hakuwa mtu wa maneno. Alifikiri.

"Nitatuma mutu na pikipiki."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nitangojea."

"Na mugonjwa?"

"Atangojea naye." Akautazama mlango wa wodi. "Pengine hatangojea."

Mwalimu akanigeukia. "Sasa mwambie. Mwambie kwamba mwaka kesho atapata mupya."

Sikuweza. Namshukuru Mungu kwamba sikuweza. Nikamwambia Muganga tumekuja tu kusalimia na kuangalia hali ya mashine, naye akaitikia kwa kichwa, kwa adabu ya mtu anayejua umebadili maneno.

Mwalimu aliliandikia shirika kwa ufupi: Kabambare inabaki; chumba chake ni changu; kikichelewesha toleo nitafuteni mimi. Wakakubali, labda kwa kuchoka. Tangu hapo hatukuwahi kumwona akipumzika. Kila toleo alikifungua chumba kile, akakirekebisha, akakiombea bismillahi kwa sauti kabla ya kukijaribu, akangoja na kikombe mkononi. Mashine mpya za mwaka ule? Hazikuja mwaka ule, wala uliofuata.

Msiniulize kama alikuwa anashinda siku zote. Injinia alimshinda mara moja, tena kwa kishindo. Alimwonyesha kwamba vyumba vyetu vimejaa maneno yale yale, kila mmoja ameandika kwake namna ya kupanga dawa kwa herufi, na wawili wameandika vibaya. Mambo ambayo mashine zote zinafanya sawasawa, Injinia akasema, yana haki gani ya kukaa chumbani? Yatoke, yakae sebuleni, yaandikwe mara moja. Mwalimu alikataa. Akasema vyumba ni vya wenyewe. Akaenda kwake akiwa amenuna, muuza sabuni akatuambia juu ya ukuta kwamba leo hapokei wageni. Kisha asubuhi moja akaingia, hakusalimia mtu, akamwendea Injinia.

"Umenishinda. Yatoe."

"Mwalimu, tunaweza kujadili..."

"Nimesema umenishinda! Unataka niimbe?"

Wakakaa wote wawili wakayatoa, na vyumba vikapungua vikawa vidogo, kila kimoja kikabaki na yale tu ambayo kweli ni ya mashine yake. Alifurahi siku ile kuliko siku alizotushinda sisi. Hilo lilinishangaza, na hadi leo linanisaidia ninapotaka kung'ang'ania mambo.

Goti ndilo lililomtoa kazini. Alibaki kwake Kasongo, anaanika mpunga uani, anapigana na kuku, na maktaba ikawa mikononi mwangu. Nilikuwa nikimpelekea habari, na habari niliyokwenda nayo msimu uliopita ilikuwa nzito, hivyo nikanunua kwanza sukari na sabuni. Muganga wa Kabambare alikuwa ameletewa kompyuta mpya. Kompyuta yake ya zamani imekufa kabisa, nayo ilikuwa ya mwisho ya aina yake. Zile nyingine zilikuwa zimeitangulia.

Nilimwambia kwa upole, kama mtu anayeleta habari za msiba. Akauliza imekufaje. Nikamwambia, na pia kwamba kasha lake tupu, kuku wa Muganga sasa anatagia ndani. Akacheka hadi akashika goti.

"Mashallah. Imefanya kazi mpaka mwisho. Na chumba chake?"

"Kipo, Mwalimu."

"Kipo wapi?"

"Ndani ya maktaba. Hatujakigusa. Hatutakigusa."

Kicheko kikakoma. "Nani analala mule?"

"Hakuna mtu."

"Sasa kinafanya nini?"

"Ni chako, Mwalimu. Ni kwa heshima."

Heh! Mpunga uliokuwa mkononi mwake ulirudi mkekani kwa nguvu. "Heshima ya nani? Kila toleo munaingia mule kufagia, munajaribu, munangojea, kwa sababu ya mashini inatagiwa na kuku? Mimi sikuandikia mashini. Niliandikia Muganga. Muganga ameisha hama. Kifute."

"Mwalimu..."

"Kifute hapa, nikiona."

Nilikuwa na kompyuta yangu mkobani. Niliifungua kwenye mapaja, pale penye makapi ya mpunga, nikakitafuta chumba kile. Miaka ya mkono wake ilikuwa mule. Machozi yalikuwa yananitoka na wala sikuyaficha. Nilifuta. Nikaijaribu maktaba yote, kila mashine iliyobaki ikajibu vema, na ikajibu upesi zaidi, lazima niseme. Yeye hakutazama hata kioo. Alikuwa akinitazama mimi.

"Sasa uko na nguvu imebaki," akasema. "Niambie, nani iko inje?"

Kulikuwa na mkunga mmoja ng'ambo ya mto, mbele ya Nyangwe, anazalisha wanawake wa vijiji vya wavuvi. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ile isiyoweza kuweka programu. Alikuwa ametuomba mara kwa mara tumwingize. Injinia, mimi na wenzetu tulikuwa tumemjibu kwamba simu ile ni ndogo mno, avumilie. Nikamweleza Mwalimu yote.

"Ile simu inaweza kutuma ujumbe mufupi?"

"Inaweza."

"Iko na saa?"

"Iko."

"Inaweza kutunza maneno gani, kiasi gani?"

"Kidogo sana."

"Kidogo ni nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mulisema ni ndogo mno, na hamujui ni ndogo namna gani." Hakusema kwa hasira. Akanyoosha mkono nimwinue. "Mutafute dereva. Na mutu aniletee muto wa kukalia."

Nilikataa, binti yake akakataa, muuza sabuni akakataa juu ya ukuta. Ilikuwa kazi bure. Tulitoka kulipokucha, Mwalimu amekalia mto wake nyuma ya dereva, goti limefungwa kitambaa, mimi kwenye pikipiki ya pili ninamwona mgongo wake umenyooka njia nzima. Nyangwe tuliingia kwenye mtumbwi. Alivuka mto Lualaba ameshika ukingo kwa mikono miwili, anasoma dua, anamgombeza mpiga makasia katikati ya dua.

Mkunga alikuwa amesikia kwamba wageni wa Kasongo wanakuja. Alikuwa ameoga, amevaa kitenge kizuri na kanga begani, simu yake ndogo ameifunga kwenye pembe ya kanga. Alituangalia mikono, akaangalia mkoba wangu, na nilijua anachokitafuta.

"Munaniletea simu mupya?" akauliza.

"Hapana, mama," Mwalimu akamjibu, akitafuta mahali pa kuketi. "Tumekuja kujifunza hiyo uko nayo."

Mkunga akafungua pembe ya kanga.